Mihuri Mitano ya Kwinini

Simu ililia mara tatu, ikanyamaza, ikalia tena.

Shaame Hamad aliipokea bila kusema neno.

"Shangazi anauliza kama baiskeli imepona."

"Imepona. Inadai mafuta tu."

"Basi njoo nayo sokoni."

Ikakatwa.

Ilikuwa Alhamisi ya kabla ya Pasaka, mwaka 1985, saa mbili asubuhi, Woolwich. Kwa wenzake wa karakana ya mabasi, Shaame alikuwa kondakta mrefu wa Kipemba asiyecheka ovyo. Kwa Idara ya Usalama, kule Dar es Salaam, alikuwa Sita Tisa. Alivaa koti akatoka.

Mzee Msabaha, mkuu wa kituo cha London, alikuwa amekaa kwenye mkahawa wa nyuma ya soko na kikombe cha chai kilichojaa. Msabaha si mtu wa kuiacha chai ipoe. Shaame akajua mambo si mazuri.

"Kaa, bwana."

"Nishakaa. Sema."

"Kwinini iliyokuja Pemba masika ya mwaka jana..." Msabaha alisafisha koo. "Ilikuwa bandia. Maabara ya hapa imethibitisha juzi. Haina kwinini hata chembe."

Shaame alihesabu miezi.

Masika hayo hayo, mwanawe Mize, miaka mitano, alishikwa na malaria. Mama yake, Kazija, alichukua vidonge hospitali, akampa mtoto kama alivyoambiwa, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne Mize akafa. Shaame alikuwa huku London. Alipata telegramu ya maneno manane. Na tangu siku ile kijiji kizima kina jawabu lake: mama mtu kakosea, kamzidishia mtoto dawa. Walisema kisimani. Walisema hitimani, wali wa watu ungali mikononi mwao! Kazija mwenyewe akaishia kuamini. Kila barua yake ilikuwa na sentensi ile ile: Nisamehe, sikujua kuhesabu.

"Watoto wangapi?" Shaame aliuliza.

"Kumi na mmoja tunaowajua."

"Kazija aambiwe leo hii."

"Hapana."

"Mzee Msabaha, wallahi..."

"Hapana, Shaame! Sikiliza kwanza, halafu nitukane."

Shaame alisogeza kiti mbele, asikilize.

"Ile ilikuwa majaribio," Msabaha alisema. "Sasa wanataka kuzitengeneza kwa mamilioni. Kuna mihuri mitano ya chuma ya kupigia chapa vidonge, imechongwa hapa hapa London, inafanana na ya kiwanda halisi mpaka nukta ya mwisho. Fundi aliyeichonga kashikwa na woga, katuambia. Mihuri inakwenda Aberystwyth, pwani ya Wales. Jumapili saa sita mchana kuna mashua inaondoka nayo. Ikishatoka pale, masika yajayo tutazika mpaka tuchoke."

"Inakwenda kwa gari gani?"

"Kwa baiskeli."

Shaame alidhani mzee anafanya mzaha. Hakuwa anafanya.

"Kuna klabu ya wazungu, Maida Wheelers. Kila Pasaka wanatalii milima ya Wales kwa baiskeli, siku tatu. Watu kumi na wawili. Mmoja wao ndiye mchukuzi, na fundi hajui ni yupi. Forodha wanapekua malori na ndege. Nani atampekua mzungu mwenye kaptura, anahema kilimani?"

"Na wakubwa wa hapa?"

"Nimewaendea. Wamesema tulete ushahidi. Watoto kumi na mmoja si ushahidi, ni habari ya kusikitisha." Msabaha aliitema ile sentensi. "Kwa hiyo ni wewe. Bila bastola, hii nchi ya watu. Tunataka chuma tu, mtu mwache. Na ukimwambia Kazija leo, kesho Pemba nzima inajua, keshokutwa mchukuzi anajua."

Shaame alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Hasira hasara, kijana wangu."

"Aliyesema hivyo hakuzika mtoto kwa telegramu."

*

Surinder Kaur, msaidizi wa siri wa Msabaha, alikuwa na duka la baiskeli Queensbury, London. Mzaliwa wa Mwanza, miaka hamsini na minane, mikono ya grisi, mdomo hauna breki. Baba yake alimfundisha ufundi kabla hajajua kusoma. Alikuwa akizitengeneza baiskeli za Maida Wheelers, na kila Pasaka aliwafuata na gari lake la Bedford lililojaa tairi na minyororo.

"Wewe Mpemba, lini mara ya mwisho umepanda baiskeli?"

"Nilikuwa nabeba magunia ya karafuu toka Konde mpaka Wete, dada. Miaka kumi na minne."

"Konde! Konde kuna mlima? Utalia mpaka umwite bibi yako."

Lakini alishamwandalia Raleigh ya kijani, chuma cha Reynolds 531, kiti cha Brooks, gia kumi na mbili. Aligonga taa ya mbele.

"Ever Ready. Ndani kuna redio. Bonyeza hapa unanipata. Nyuma ya mlima mkubwa hunipati, usinilaumu." Kisha akachomoa pampu ndefu ya Bluemel. "Hii usijazie upepo. Nimeijaza pilipili kichaa, nimesaga mwenyewe. Ukiisukuma, hakikisha upepo uko mgongoni kwako."

"Katika hao kumi na wawili, unamshuku nani?"

"Wote nawajua, na hakuna ninayeweza kumwapia." Alifuta mikono kwa tambara. "Mmoja anaumwa. Nimewaambia nafasi yake anachukua Lawrence, mwanafunzi kutoka Ghana. Hujui Kiswahili, umesikia? Hata ukiota, ota Kiingereza."

Kisha akamshika bega. Msabaha alishamwambia habari za Mize.

"Pole sana, ndugu yangu."

Shaame aliitikia kwa kichwa. Akaisukuma Raleigh nje.

*

Wales ni nchi nzuri. Shaame aliichukia.

Aliichukia tangu Ijumaa asubuhi waliposhuka kwenye treni Abergavenny. Mvua nyembamba ilimwingia shingoni, na njia ilipanda bila haya mpaka juu mawinguni. Aliyachukia maua ya manjano kandokando ya barabara. Aliwachukia wana-kondoo weupe, wanene, wanarukaruka, hata kondoo wa huku wana daktari wao! Kila bonde lilikuwa na kijito, kanisa dogo la mawe, na bibi mwenye chai na mkate wa zabibu. Kila mtu alimpungia mkono. Naye alipunga, akatabasamu, akakanyaga, na moyoni anahesabu: mmoja kati ya hawa kumi na mmoja.

Mapaja yaliwaka moto. Vizuri. Yawake.

Kiongozi wa msafara alikuwa Clive Rusk, mtu wa miaka arubaini na tano, ndevu nyekundu, mchangamfu kupita kiasi. Aliimba vilimani. Aligawa chokoleti. Mwenye kuchoka alimsukuma mgongoni.

"Jikaze, Lawrence!" alimwambia Shaame kwa Kiingereza. "Baada ya kona hii ni tambarare."

Uongo. Baada ya kona ile kulikuwa na kilima kingine.

Aliyemtia Shaame mashaka kwanza alikuwa Pugh, jitu nene lisilosema na mtu, lenye mkoba mzito; hata chooni liliingia nao. Jioni ile, kwenye hosteli ya Hay, Shaame alipata dakika mbili na mkoba huo. Alikuta keki nne za matunda na picha ya paka.

"Bonde, hapa Mlima," alimwita Surinder kwa kunong'ona kwenye taa.

"Sema, Mlima."

"Pugh ni msafi. Anaficha keki."

"Ningekwambia hilo bure. Endelea."

Jumamosi walivuka mto Wye, wakapita Builth, wakapita Rhayader. Saa tisa alasiri walifika kwenye mabwawa ya Elan, na mvua ikakatika. Maji yalimwagika ukutani kwa kishindo. Wasafiri walizitupa baiskeli zao kama wazungu wanavyozitupa: hii imeegemezwa ukutani, hii imelazwa majanini, hii imebanwa kwenye uzio.

Isipokuwa moja.

Baiskeli moja ilisimama peke yake katikati ya majani, wima, haijaegemea kitu. Dawes Galaxy ya buluu, imejazwa mizigo nyuma. Chini ya kiti chake palikuwa na kijiti chenye panda, kimekatwa mbichi kwenye kichaka, kimekitwa ardhini. Mzigo wenyewe haukufungwa kwa mikanda ya dukani. Ulifungwa kwa utepe wa tyubu kuukuu, umevutwa, umezungushwa, ncha imechomekwa chini.

Shaame alikitazama kile kijiti.

Hakuna Mwingereza anayefanya vile. Ukimwambia, hataelewa unasema nini. Lakini toka Pemba mpaka Kigoma, kila mtu aliyewahi kubeba gunia la mkaa au karafuu kwa baiskeli anajua: baiskeli yenye mzigo mzito ukiiegemeza ukutani itateleza; ikatie kijiti cha panda, uisimamishe. Yeye mwenyewe alikata vijiti vile mamia. Huyu mtu alikulia kwetu!

Ilikuwa baiskeli ya Clive Rusk.

Yule aliyekuwa akigawa chokoleti.

Shaame aligeuka taratibu, akaketi juu ya jiwe na kikombe chake. Amechelewa. Rusk alikuwa ameshaona macho yake yalikotua. Alikuja akitabasamu, akasimama nyuma yake.

"Nyoka!" Rusk alifoka ghafla, kwa Kiswahili safi cha mashamba ya mkonge. "Nyoka mguuni kwako!"

Shaame alipiga funda la chai.

Akageuza shingo polepole. "Umeniita?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Hapana, hapana. Naimba tu."

Rusk alicheka, akaenda kwenye baiskeli yake, akainama kukaza utepe. Mara mkono ukamponyoka, kidole kikabanwa kati ya chuma na chuma. Akaruka, akakishika kidole, uso umekunjamana.

"Pole!" alisema Shaame.

Neno lilikuwa limeshatoka.

Ni nani kati yetu angeliweza kulizuia? Unaweza kumfundisha jasusi kuvumilia kiu, usingizi na kipigo. Lakini mtu anaumia mbele yako, nawe umelelewa na mama wa Kipemba. Pole inatoka yenyewe, haiombi ruhusa.

Rusk alikiachia kidole. Kilikuwa kizima kabisa.

"Asante," alisema.

Akaenda zake kugawa chokoleti.

*

Alishamwambia Surinder kwa redio. Usiku kucha, kwenye hosteli ya Elan, Shaame alikaa macho, mgongo wake kwenye mlango wa chumba alicholala Rusk na mkoba wake. Rusk alikoroma. Saa kumi na mbili asubuhi mkoromo ulikatika. Shaame alimngoja atoke; nusu saa ilipopita, alifungua mlango. Dirisha wazi, kitanda kitupu.

Alikimbia kwenye banda la baiskeli. Galaxy haipo.

"Bonde! Bonde! Rusk katoroka, anaelekea barabara ya mlimani!"

"Nakusikia." Sauti ya Surinder ilitetemeka kwa hasira. "Na mimi amenikata tairi. Zote nne! Mjinga gani anakata tairi za fundi? Nenda! Nitakufuata."

Shaame alidandia Raleigh, akaenda.

Kutoka Elan kwenda Cwmystwyth kuna barabara moja nyembamba juu ya mlima mtupu. Hakuna nyumba wala mti, ni majani ya rangi ya kutu, upepo na kondoo. Maili mbili mbele, nukta ya buluu ilikuwa inapanda.

Mashua saa sita mchana.

Shaame alikanyaga. Mihuri mitano ya chuma, kwenye kilima inakuvuta nyuma. Yeye hakubeba kitu ila hasira, na hasira haina uzito kilimani. Maili moja na nusu. Maili moja. Mapafu yalipiga kelele. Alimwona Mize akimeza. Alimwona Kazija akihesabu vidonge kwa vidole, mara ya mia, apate kuliona kosa ambalo halipo. Alitukana kwa sauti, matusi ambayo hajayatamka tangu ujana, na kondoo wakampisha njia.

Nusu maili.

Rusk alifika kileleni, akatazama nyuma, akatoweka upande wa pili. Dakika tatu baadaye Shaame naye akafika. Chini yake barabara ilijipinda ikitelemka bondeni, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo na mto.

Alijiachia. Maili thelathini kwa saa. Arubaini. Kona ya kwanza hiyo.

Akaminya breki.

Hakuna kitu.

Waya zilikuwa zimekatwa, zote mbili, kwa ustadi, zimebakishwa uzi mmoja mmoja ili zikatike zikivutwa. Ah, mwanaharamu!

Rusk alikumbuka mengi aliyoyaona utotoni kwetu. Moja alilisahau: nusu ya baiskeli za Pemba hazina breki. Shaame alinyanyua mguu wa kulia, akaupeleka nyuma, akakandamiza soli ya kiatu juu ya tairi. Raba ilipiga yowe. Moshi ulitoka. Alilala kwenye kona, goti lake likapangusa majani ya ukingoni, akatoka upande wa pili mzima. Kona ya pili. Ya tatu. Soli ilikwisha, akaanza kutumia soksi, halafu ngozi. Alisikia harufu ya kuungua, akajua ni yeye.

Chini bondeni, kandokando ya barabara, kuna magofu ya machimbo ya madini ya risasi, kuta zilizobomoka na vilima vya kifusi. Hapo Galaxy ilikuwa imesimama, wima, juu ya kijiti chake cha panda.

Na Rusk alikuwa amekaa ukutani, anakunywa chai ya chupa. Hakuwa na haraka tena. Alikuwa anasubiri kusikia kishindo korongoni.

Kikombe kilimwanguka.

Shaame hakupunguza mwendo. Rusk alichomoa bastola ya Browning kiunoni. Shaame alichomoa pampu ya Bluemel. Upepo wa mlima ulikuwa mgongoni mwake.

Hatua tano. Alisukuma.

Fyuuu!

Wingu jekundu lilimfunika Rusk usoni. Bastola ililia, risasi ikaenda mbinguni.

"Mama yangu! Macho yangu! Maaama!"

Alipiga yowe kwa Kiswahili. Raleigh ilimgonga kifuani, wote wawili wakaviringika kwenye kifusi. Shaame alikuwa wa kwanza kusimama, kwa mguu mmoja. Aliipiga teke Browning, akamkanyaga Rusk shingoni, akafungua utepe wa tyubu kwa mkono mmoja kama aliyeufunga yeye.

Mkobani, ndani ya kitambaa cha mafuta, mihuri mitano. Chini yake, chupa ya vidonge vyeupe. Sampuli.

Shaame alikivunja kimoja. Akakiweka ulimini.

Akakilamba tena, ahakikishe.

"Mbona tamu?" aliuliza. Kwa Kiswahili sasa, ya nini tena kujificha.

Rusk alikuwa anatokwa na machozi na kamasi, lakini alitabasamu. Alikuwa na kiburi cha fundi anayesifiwa kazi yake.

"Watoto hutema kitu kichungu," alisema. "Tukatia sukari. Wakameza wote. Kizuri chajiuza, bwana."

Kilichofuata Shaame hakukipanga. Alijikuta amemshika Rusk kooni, amemburuta mpaka kwenye mdomo wa shimo la mgodi lenye giza, nusu ya mwili wake tayari inaning'inia. Mawe yalidondoka ndani. Hayakusikika yakifika.

"Mlima, hapa Bonde." Redio ilikwaruza kwenye taa iliyopondeka. "Mlima! Mkulima kanipandisha kileleni kwa lori lake, nimesikia mlio. Nimewaita polisi kwa redio yake. Nimewaambia kuna mtu ana bastola machimboni. Wanakuja. Shaame, mtu yu hai?"

"Bado."

"Hiyo bado ni ya namna gani?"

Shaame alimsukuma Rusk inchi moja zaidi.

"Shaame, nisikilize, ndugu yangu. Mtu mzima akianguka shimoni Wales, watasema ajali. Wataandika mistari miwili gazetini, kiongozi wa klabu, alipenda watu, aliimba vizuri. Unataka watu wamlilie huyo?"

Upepo ulivuma. Rusk alikuwa anakwaruza ardhi kwa kucha.

Shaame alimvuta nje. Akamimina vidonge kiganjani, akamjaza mdomoni kimoja kimoja, akamfumba kwa kiganja.

"Meza."

Rusk alikukurika.

"Meza! Si vitamu? Si kizuri? Mwanangu alimeza vyote, kwa adabu, na wewe utameza."

Rusk alimeza.

Kisha Shaame alimfunga mikono kwenye lango la chuma la mgodi kwa utepe ule ule wa tyubu, fundo la wabeba karafuu, ambalo linakaza kila unapolivuta. Browning aliiweka chini, polisi waione. Chupa ya vidonge vilivyobaki akaiweka pembeni yake. Ushahidi mliutaka, haya.

Alitupa mihuri mkobani, akatupa kijiti cha panda kondeni, akapanda Galaxy. Breki zake zilikuwa nzima.

*

Jumanne asubuhi, Woolwich, mkahawa ule ule. Mzee Msabaha alifungua mkoba chini ya meza, akahesabu mihuri kwa vidole, akafunga. Mashua ilikuwa imeondoka mikono mitupu. Rusk alikuwa korokoroni kwa kosa la silaha, na polisi walikuwa wameanza kuuliza juu ya vidonge.

"Umefanya kazi ya wanaume kumi," Msabaha alisema. "Dar wamefurahi."

"Naweza kumwambia Kazija sasa."

Msabaha alikoroga chai yake.

"Shaame... wakubwa wameamua hili life hapa. Watu wakisikia dawa ya hospitali ilikuwa bandia, nani atampeleka mtoto hospitali masika haya? Wataenda kwa waganga. Tutapoteza wengine. Hilo nalo si uongo, bwana, lifikirie."

"Nimelifikiria."

"Na?"

"Na mke wangu anaitwa muuaji kisimani, ili wakubwa walale vizuri." Shaame alisimama. Safari hii kiti hakikuanguka. "Ahsante kwa chai."

Alichechemea mpaka kwenye kibanda cha simu cha upande wa pili wa barabara, mguu wa kulia umefungwa bendeji. Alijua laini ile inasikilizwa. Akauacha mlango wa kibanda wazi kabisa, anayetaka kusikia asikie. Pemba ilikuwa saa sita mchana, na Kazija alikuwa posta ya Chake Chake, kama walivyopatana kwa telegramu ya jana.

"Kazija."

"Nipo." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayengoja kusutwa.

"Nataka kukuuliza neno moja. Mize alipomeza vile vidonge, alilia?"

Laini ilivuma.

"Ya nini kunirudisha huko, Shaame?"

"Alilia, hakulia?"

"Hakulia. Alimeza akacheka. Akataka na kingine." Kazija alianza kutokwa na kwikwi. "Nikamwambia hodari mwanangu. Nikamsifu, Shaame! Nikamsifu!"

"Kazija. Kwinini ni chungu."

Kwikwi zikakatika.

"Wewe ushaimeza. Mimi nishaimeza, bibi alinishika pua. Yuko mtoto gani Pemba aliyemeza kwinini akataka nyingine?"

Shaame alisikia watu wa posta kwa mbali, mtu anakohoa, mtu anaulizia vifurushi.

"Ilikuwa chaki na sukari," alisema. "Nimeionja kwa ulimi wangu. Ungempa kimoja, ungempa mia, ni mamoja. Ulihesabu sawasawa, Kazija. Sawasawa kabisa. Waliomuua ni watu, na mmoja nimemfunga kwa mikono yangu hii."

"Rudia."

"Ulihesabu sawasawa."

Alisikia pumzi ikiingia, ndefu, kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Alingoja kilio. Hakikuja kilio. Kilikuja kishindo cha mkono wa simu uliogongwa mezani, na sauti ya Kazija ikitoka mbali na simu, ikipanda, ikiijaza posta nzima ya Chake Chake.

"Sikilizeni nyote! Wewe Bi Mwanaidi, na wewe, usitoke, simama hapo hapo, wewe ndiye uliyesema hitimani kwangu! Dawa ilikuwa sukari! Mwanangu walimpa sukari! Wenu pia! Jiulizeni kama wana wenu waliokufa walilia!"

Kelele zililipuka. Watu walikuwa wanalia, wanapiga mayowe, wanauliza kwa pamoja. Shaame alisikiliza mpaka sarafu yake ya mwisho ikaisha.

Alipotoka, Msabaha alikuwa amesimama nje ya kibanda, kofia mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Watakuita Dar," alisema mzee.

"Waniite."

"Utawaambia nini?"

"Nitawauliza nani alitia saini ile kwinini ikaingia Pemba."

Msabaha alivaa kofia yake. Basi lake la zamu ya saa nne lilikuwa limeshaanza kuondoka kituoni. Shaame alichechemea hatua tatu, akadandia ngazi ya nyuma kwa mguu mzima, akavuta kamba ya kengele mara mbili: twende.